Indiketa ya Kulia

Mama alifariki asubuhi, hospitalini Mvumi, alipokuwa amelazwa kwa maradhi ya figo. Muuguzi alinishika bega akaniambia pole. Nikamjibu, "Asante, dada," kwa sauti ileile ninayoitumia mtu akinipisha njia. Kisha nikatoka nje kuwapigia simu ndugu, nikiwa nimeegemea pikapu.

Pikapu ile ilikuwa yetu sote wawili, mimi na mama. Tuliinunua ikiwa kuukuu, tukaitumia kubeba alizeti kutoka Gulwe, nyumbani kwao mama, hadi kwenye mashine za kukamua mafuta mjini Dodoma. Mimi ndiye niliyeendesha. Mama alikaa pembeni akinielekeza njia ninazozijua. Ilikuwa gari zima, ila indiketa ya kulia haikuaminika. Siku nyingine ilipepesa vizuri. Siku nyingine mshale wa kijani kwenye dashibodi ulikwenda mbio kupita kiasi, na hiyo ndiyo ishara kwamba taa ya nyuma imegoma. Ukishuka kuitazama, unaikuta inawaka kama haina kosa.

Mchana ule nyumbani kwetu Nkuhungu, mjini Dodoma, palikuwa pamejaa watu. Turubai lilishafungwa uani, wanawake wanaimba nyimbo za kanisani, wanaume wamekaa kimya kwenye viti vya kukodi. Ilikuwa imeamuliwa kwamba kesho yake tumchukue mama Mvumi, tumpeleke Gulwe akazikwe kwao, na jeneza lipande pikapu yetu. Nikachukua bisibisi na kipande cha msasa, nikatoka.

Mama mdogo, mdogo wake marehemu, alinifuata hadi getini.

"Mwanangu, leo hii? Si kuna vijana wa kufanya hizo kazi?"

"Kesho tunakwenda mbali, mama mdogo."

Alinitazama, akarudi kwa wenzake. Aliyekuja baada yake alikuwa mjomba, kaka yao mkubwa, mfugaji, aliyefika na basi kutoka Gulwe kumfuata dada yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama." Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Mimi mambo ya gari siyajui. Nikusaidie nini?"

"Simama nyuma. Uniambie kama inawaka."

Nikakaa kwenye usukani, nikawasha indiketa ya kulia.

"Inawaka," akasema. "Inawaka. Ah, imelala."

Ya kushoto ilikuwa haina tatizo, na flasha, kile kidude kinachozifanya taa zipepese, ni moja kwa pande zote mbili, kwa hiyo niliiacha. Nilihamisha globu ya kushoto nikaiweka kulia. Ikalala vilevile. Nikafungua kikombe kinachoshika globu, nikakuta vumbi jekundu na kutu. Nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikarudisha kila kitu mahali pake.

"Inawaka," mjomba akasema. Tukangoja. "Bado inawaka. Inawaka, mama."

Nilingoja nifurahi kidogo. Sikufurahi. Nilipopita mlangoni kwenda kunawa, nilisikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unajua kwamba jino linang'olewa, unasikia hata linavyokwanyuka, lakini maumivu huyaoni.

Kesho yake tulimchukua mama. Mama mdogo alikaa mbele pamoja nami, ameshika msalaba wenye jina. Mjomba na binamu zangu wawili walikaa nyuma na jeneza. Basi dogo la ndugu lilitangulia. Tuliingia barabara kuu iendayo Morogoro, tukaenda taratibu hadi Mbande, pale unapokata kulia kuelekea Kongwa na Mpwapwa, njia ya Gulwe.

Niliwasha indiketa mapema. Mshale ulipepesa kwa utulivu. Tukapanda tuta, gari likatikisika, na mshale ukaanza kwenda mbio. Nikajua taa ya nyuma imezima. Nilijua kabisa. Nikatazama mbele, sikuona gari linalokuja, nikaanza kukata.

Paa la gari likagongwa kwa ngumi. Nikakanyaga breki kabla sijajua ni nani anayegonga. Basi kubwa lililotoka nyuma lilitupita upande wa kulia, honi yake ikilia mfululizo, karibu sana hata kioo cha pembeni kikajikunja. Nyuma yangu nikasikia jeneza likiteleza na kujigonga kwenye bodi.

"Yesu wangu!" mama mdogo akapiga kelele. "Yesu wangu!"

Mimi nilinyoosha mkono dirishani, nikakirudisha kioo mahali pake. Mjomba aliinama dirishani kwangu, uso umejaa vumbi, akauliza kama tumeumia. Nikasema hapana. Nikauliza kama jeneza limepasuka. Akasema hapana. Basi nikatoa mkono wote nje kuonyesha ninakwenda kulia, nikangoja barabara iwe tupu, nikakata.

Tulizika alasiri. Nilitupa udongo nilipoambiwa nitupe.

Asubuhi moja baada ya matanga kuanuliwa pale Gulwe, mjomba alikuja nilipokuwa nimekaa.

"Ile taa yako," akasema. "Sitaki urudi nayo mjini vile ilivyo."

Tukatandika mkeka chini ya pikapu, nikalala chali. Niliiacha indiketa ikiwa imewashwa, mjomba akasimama nyuma. Nikaufuata waya kutoka kwenye taa, shibiri kwa shibiri, nikiuvuta kidogo kila mahali. Pale waya unapotoka kwenye chasisi kupanda kwenye bodi palikuwa na kiungo cha zamani kilichozungushiwa utepe mweusi, kazi ya fundi fulani kabla gari halijawa letu. Nikavuta.

"Imezima!"

Nikaachia.

"Inawaka!"

Nikavuta tena. Ikazima. Nilibandua utepe. Ndani shaba ilikuwa imegeuka kijani na kukatika karibu yote, imebaki nyuzi mbili tatu. Bodi ikitikisika, waya unavutika, zile nyuzi zinaachana. Gari likitulia, zinakutana tena.

"Kumbe ni hapa," nikasema.

Kutoka chini nilikuwa naiona miguu ya mjomba tu, na makubazi yake ya tairi.

"Siku ile," akasema, "ningechelewa kidogo kugonga."

"Najua, mjomba."

"Na hukulia. Si pale barabarani, si kaburini."

"Sijalia."

Alisogeza mguu mmoja, akaurudisha.

"Hata mimi bado," akasema. "Watu wananitazama, mama. Ni dada yangu yule, nilimbeba mgongoni. Nakaa naye rohoni, nangoja, hakuna kinachokuja."

Nilibaki nimeushika ule waya. Kisha nikakata sehemu iliyooza, nikaunga kipande kipya, nikazungusha utepe, nikaufunga waya kwa ukanda wa mpira ukiwa umelegea, usivutike tena. Nikautikisa kwa nguvu. Nikapiga bodi kwa kiganja.

"Inawaka," mjomba akasema. "Piga tena. Inawaka."

Nilitoka chini nikajikung'uta. Yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya ile taa, anaitazama inavyopepesa, mwanga wa rangi ya chungwa ukimjia usoni na kuondoka. Nikachuchumaa kando yake. Tulikaa hivyo kwa muda.

"Kazime," hatimaye akasema. "Utamaliza betri."

Mama mdogo akatuita tukale. Kulikuwa na ugali na mlenda. Nilikula sana siku ile, nikaongezwa, nikala tena, na sikuweza kujua kama ilikuwa njaa.