Insha Iliyomtaja Mjomba Lusungu

Siku niliyopigiwa makofi mengi kuliko siku zote za maisha yangu ndiyo siku niliyomtoa mjomba wangu kijijini. Naikumbuka kama ya jana, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa asubuhi mbele ya boma la Njombe, ukungu haujaisha kwenye miti ya miwati, nasi wanafunzi tumejipanga huku meno yakigongana kwa baridi. Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya, alisimama na karatasi zangu mkononi, akazisoma kwa Kiswahili chake cha kukanyaga kanyaga. Alipofika penye jina la Lusungu, akalisoma nalo, wazi kabisa. Jumbe wetu, aliyekitawala kijiji chetu kwa niaba ya serikali, alikuwa kwenye kiti cha mbele. Alicheka, akapiga makofi pamoja na wengine. Siku kumi hazikupita, mjomba Lusungu akapanda lori la manamba, vibarua wa mkataba, pale Makambako, akapelekwa kwenye mashamba ya mkonge. Hakurudi.

Nakuandikia haya kwa kuwa nimesikia shuleni kwenu mmetangaziwa shindano la insha juu ya uhuru wa kusema, na kwamba atakayeshinda atasomeshwa. Nimefurahi. Lakini usiku wa siku niliyosikia sikulala vizuri. Lako linafanana mno na langu, nami sitaki uingie ndani yake ukiwa umefumba macho kama nilivyoingia mimi. Basi ngoja nirudi nyuma, nikueleze kwa utaratibu.

Nilikuwa darasa la nane katika shule ya wasichana ya misheni. Siku moja mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu mwembamba aliyevaa koti moja mwaka mzima, aliingia darasani na barua kutoka bomani. Alituambia kuna shindano la insha kwa shule zote za wilaya, na kichwa cha insha ni faida ya mtu kusema mawazo yake bila woga. Mshindi angesomeshwa bure mpaka amalize sekondari. Kwetu sisi neno hilo lilikuwa kubwa. Wasichana wa darasa langu wengi walikuwa wameshaanza kuuliziwa kwa baba zao na wazazi wa wavulana. Mimi mwenyewe nilijua kuna mzee mmoja wa kijiji cha Kifanya aliyekuja kwa baba mara mbili, na si kwa ajili ya kuomba mbegu.

Mwalimu alituasa hivi: "Maneno matupu hayashindi. Insha nzuri ina ushahidi. Taja aliyesema, taja aliposema, taja alichosema. Msomaji aone kwa macho." Ushauri ule ulikuwa mzuri. Mpaka leo sioni kosa ndani yake. Kosa lilikuwa kwa aliyeupokea.

Sasa, ushahidi nilikuwa nao, tena mikononi mwangu mwenyewe. Kila Alhamisi katika majira yale ya mvua, sisi wanafunzi tuliondolewa darasani tukapelekwa kupalilia ngano ya jumbe. Hatukuulizwa, na wazazi hawakuulizwa. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, yakapona, yakapasuka tena. Hilo ndilo nililopaswa kuandika. Lakini barua ile ya bomani ilisema pia kwamba kila mtoto atakayeleta insha awe na cheti cha tabia njema kutoka kwa jumbe wake. Nilifikiri, niandikeje habari za ngano ya jumbe, kisha nimwendee jumbe huyo huyo anithibitishie tabia? Nikatafuta mlango wa nyuma.

Mlango huo niliupata nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, Jumamosi moja alasiri nilipopewa ruhusa ya kutoka shuleni. Ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Unajua kwetu mianzi hugemwa asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha hakuna nyumba inayokosa mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi, iliyojaa. Wazee walikuwa wamekaa jikoni kwa bibi kuzunguka moto, mimi nikiwahudumia. Alikuwapo hata mzee mmoja wa kanisa, ambaye alikunywa sawa na wenzake ila yeye aliuita togwa, na hakuna aliyembishia. Mjomba Lusungu, mdogo wa mama yangu, aliingia akiwa na tope mpaka magotini.

"Kamwene," akasalimu, akaketi. "Nipeni nami nioshe koo. Nimetoka kutengeneza barabara ya Makambako."

"Barabara gani?" akauliza jirani mmoja. "Nimekuona kwa macho yangu umeinama kwenye ngano ya jumbe."

"Ndiyo hiyo hiyo. Siku hizi magari ya Mwingereza yanapita juu ya ngano. Wewe huna habari?"

Wakacheka. Mzee wa kanisa akasema, "Shemeji, usimseme jumbe vibaya. Anakunyoosha mgongo bure."

"Mgongo wangu ulikuwa umenyooka," mjomba akajibu. "Sasa unafanana na jembe lake. Siku za kazi za serikali anatuita kwa jina la serikali, na mavuno anayaita kwa jina lake. Tukinyamaza, mwaka kesho atatuita tumkune mgongo."

Bibi akamwambia anywe apunguze maneno. Yeye akaendelea, na wenzake wakaendelea, mmoja akiongeza lake juu ya la mwenzake, mpaka mbeta zikaisha. Mimi nilisimama pale na kata mkononi nikihesabu sentensi moja moja kichwani ili zisinipotee. Niliwaza: huyu hapa, mtu anayesema bila woga. Amenipa ushahidi wangu.

Mwanangu, kwetu maneno ya kwenye ulanzi hayavuki kizingiti. Hakuna aliyenifundisha kwa kuniketisha chini, lakini nililijua kama nilivyojua kwamba huvuki miguu ya mzee aliyekaa. Mtu akisema penye ulanzi, anasema kwa wale waliokunywa naye. Kesho wakikutana njiani na jumbe, wote humvulia kofia, na hakuna anayemkumbusha mwenzake alichosema jana. Ndivyo watu wale walivyoweza kuishi. Nami niliyachukua yale maneno, nikayatoa katika Kibena nikayavika Kiswahili cha shule, nikaandika: "Mjomba wangu Lusungu, akiwa nyumbani kwa bibi yangu siku ya Jumamosi, alisema hivi." Kisha nikaenda kwa jumbe na heshima zote, nikapiga goti, akanipa cheti. Habari za viganja vyangu sikuziandika hata mstari mmoja.

Niliposhinda, nilikuwa juu ya mawingu mpaka pale nilipolisikia jina likitoka kinywani mwa Bwana Shauri. Nilimtazama jumbe. Nimekwisha kukuambia alicheka. Baada ya sherehe alinijia, akanishika bega, akasema, "Binti, una masikio mazuri sana. Msalimie mjomba wako."

Tulikuwa tunalala shuleni, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia kwa mama alipokuja kuniletea unga. Jumatatu tarishi wa jumbe alifika kwa mjomba asubuhi na mapema. Alimwambia anahitajika Makambako, kuna daraja limechukuliwa na mvua, kazi ya mwezi mmoja. Walioitwa kutoka kijijini kwetu walikuwa wanne. Mjomba alichukua blanketi na jembe, akamwambia mkewe mahindi yafunikwe yasilowe, akaenda. Makambako wakati huo palikuwa na kambi ya wanaokusanya watu wa mkonge. Mtu aliandikishwa, akapewa namba yake, akapandishwa kwenye lori. Wale watatu waliorudi walisema mambo matatu tofauti. Mmoja alisema msimamizi alimtoa mjomba kwenye daraja na kumpeleka kambini kwa mkono. Wa pili alisema mjomba mwenyewe alitua jembe adhuhuri, akasema amechoka kuinama kwenye nchi ya jumbe, akaenda kupanga mstari. Wa tatu alisema hakuona, alikuwa majini.

Mama hakunigombeza. Aliweka unga chini, akasema, "Bibi yako anakuita. Ukipata ruhusa, uende."

Nilikwenda siku ya Jumapili baada ya ibada. Njia nzima nilitunga maneno ya kujitetea, na njia ilikuwa ndefu. Nilimkuta bibi anapukuchua mahindi mlangoni. Hakuinua uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, pukuchua."

Tukapukuchua. Mwishowe nikasema, "Bibi, niliandika ukweli. Mjomba aliyasema kweli yale."

"Nani kakuambia ni uongo?" akasema. "Siku ile jikoni ulikaa na sisi, au ulikaa na Bwana Shauri?"

"Na ninyi, bibi."

"Basi ungemwambia Lusungu, mjomba, nataka kuyapeleka haya mbele. Angekuambia peleka, au angekuambia acha. Ulimi ni wake. Mchinja kuku humwuliza mwenye kuku." Akachukua hindi jingine. "Tena nipe mikono yako."

Nikampa. Akaigeuza, akavitazama viganja vyangu kama mtu anayeangalia iwapo mbegu zimeoza.

"Hii haikupalilia ngano ile?"

"Ilipalilia."

"Hii hukuiandika kwa nini?"

Mwanangu, nilikuwa na insha ya kurasa sita juu ya kusema bila woga, na bibi asiyejua kusoma ndiye aliyeuona mstari uliokosekana. Nilipoanza kulia akanirudishia mikono yangu, akasema, "Usinililie. Anayelia hapa awe mkewe." Kisha akaongeza, "Nenda kasome. Ukibaki, tutakuwa tumempoteza yeye na wewe. Lakini usije ukaniambia tena habari ya kusema bila woga kabla hujasema lililo lako."

Nilirudi shuleni nikaandika barua kwa Bwana Shauri, kwa jina langu, habari za Alhamisi na ngano na wanafunzi. Niliandika pia kwamba mjomba hakunituma. Mwalimu aliisoma, akavua miwani, akaniuliza kama najua naweza kunyang'anywa nafasi ile. Nikamwambia najua. Nikaifunga bahasha. Kwa majuma saba kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa nilidhani naitwa. Jibu halikuja, na nafasi sikunyang'anywa. Mwaka uliofuata wanafunzi hawakupelekwa kwenye ngano. Sijui kama ilikuwa barua yangu, au ile insha yenyewe, au ni ngano tu iliyopigwa na baridi ikamkatisha jumbe tamaa. Nimewauliza wengi. Kila mmoja ana sababu yake.

Nilisoma, nikawa mwalimu. Likizo zangu za kwanza nilikuwa nikishuka Makambako na kusimama karibu na malori yanayorudi kutoka pwani, nikitazama nyuso. Wanaume walishuka wamekonda, wengine wakikohoa, wengine wamevaa kofia mpya. Niliwauliza kama wanamjua Lusungu wa Njombe. Walinijibu kwamba kule watu hawaitani majina, huitana namba. Mkewe alimngoja kwa miaka, akilima peke yake, nami nikimsaidia kusomesha wanawe. Hakuwahi kunitamkia neno baya. Nikifika kwake husema karibu, hunipa kiti, huondoka kwenda kuangalia jambo nje.

Sasa sikiliza ninalotaka kukuambia. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na vijana wengi hudhani maana yake ni nyamaza. Mimi sikuambii unyamaze. Aliyenyamaza katika habari hii ni mimi, na ndiyo maana mwingine akalipia. Andika insha yako. Iandike kwa nguvu zako zote, na ushinde ukiweza. Lakini anza na lile lililokupata wewe, ulilolishika kwa mkono wako, ambalo ukiulizwa utasimama useme ni langu. Likikutia woga, hapo ndipo ujue umefika kwenye jambo lenyewe. Na kama unahitaji neno la mwenzako, mwendee mchana kweupe, mwambie unakolipeleka na nani atalisoma, kisha kubali akikukatalia. Mtu aliyekuamini jikoni kwake hajakupa ruhusa ya kumsimamisha uwanjani. Uhuru wa kusema ni pamoja na uhuru wa yule mwingine kuchagua anasema na nani. Ukishinda kwa kuuvunja huo, makofi utayapata, na yatakaa masikioni mwako kwa namna usiyoitaka.

Mungu aubariki mkono wako wa kuandikia. Akupe maneno yaliyo yako, na akuzungushie watu wanaoweza kukuamini. Akupe pia bibi wa kukugeuza viganja, kama hutanikubali mimi.

Liko jambo moja limebaki. Miaka mingi baada ya Uhuru, fundi seremala mmoja wa Uwemba aliyewahi kufanya kazi Tanga alikuja kutengeneza madawati ya shule yangu. Aliniambia kwamba huko mkongeni alikutana na mzee mmoja aliyesema Kibena. Mzee yule aliposikia fundi ametoka Njombe, alimwuliza, "Yule binti aliyeniandika, alimaliza shule?" Fundi akamjibu kwamba hajui ni binti gani, wakaagana.

Nilimwuliza fundi, alipokuuliza hivyo alikuwa anacheka au amekasirika? Akashika tena msumeno wake. Akasema lori lake la kurudi lilikuwa linaondoka, hakumtazama usoni.