Tisa Sita za Mwalimu Jemutai

Hasira za Mwalimu Jemutai hazikuanzia ukutani. Zilianza siku kaka zake walipogawa ekari moja ya marehemu baba yao, huko Sachangwan. Watoto walikuwa saba. Jemutai alichukua kalamu akagawa moja kwa saba, akapata tarakimu zisizokwisha: 142857, halafu 142857 tena, na tena. Kaka zake wanne wakacheka, wakagawa kwa nne. Mabinti wakaambiwa wataolewa.

Shamba likaenda, namba ikabaki, naye akaipenda kama mtu anavyompenda mbuzi wake wa pekee. Ukiizidisha kwa mbili unapata 285714. Kwa tatu, 428571. Mpaka sita, tarakimu ni zilezile, zimebadilishana viti tu. Si namba tasa, maana hata kumi na moja inaigawa bila kubakisha kitu. Lakini zidisha kwa saba uone. Ndiyo sababu aliichora kwa rangi kwenye ukuta wa Gredi ya Saba, katika shule ya huko huko kwao: 142857 × 7 = 999999.

Wiki hiyo hiyo Bethwel, mwenyekiti wa wazazi, akasimama mlangoni, kichwa amekilaza begani.

"Madam, hizo tisa ukizigeuza zinakuwa sita. Sita sita sita, namba ya Shetani. Tena mara mbili. Watoto wetu unawapeleka wapi?"

"Na ng'ombe ukimgeuza miguu juu, mzee, anakuwa nini?"

Bethwel akaenda moja kwa moja ofisini. Mwalimu mkuu Nicodemus, mtu wa kuogopa hata kivuli cha mzazi, akamletea brashi na ndoo ya chokaa. Afute mwenyewe kabla ya jioni, la sivyo atafute shule nyingine. Jemutai akaipokea brashi. Aliwachukia wote wawili, akawachukia na kaka zake upya. Watu wasiotaka kuhesabu walishamnyang'anya shamba. Sasa walitaka na hii.

Akapaka chokaa juu ya zile tisa sita. Kingine hakukigusa.

Asubuhi Bethwel alikuja kukagua. Ukutani palikuwa na swali na pengo jeupe, na darasa zima limeinama likiandika. Akamwendea binti yake, Natalie.

"Na wewe unaandika nini?"

"Ni hiyo ya ukuta, baba. Inatoka tisa tupu."

"Umekosea. Rudia."

Natalie akarudia polepole. Saba mara saba, arobaini na tisa; andika tisa, beba nne. Saba mara tano, thelathini na tano, na nne, thelathini na tisa. Midomo ya baba yake ilikuwa ikimfuata, kisha ikaacha.

Jemutai akamtia Bethwel brashi mkononi, chokaa ikidondoka juu ya viatu vyake, akamnyooshea Natalie kidole.

"Haya, mzee. Mpake na yeye."