Saini za Alvin Kuehn

Alvin Kuehn, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi wa pampu za visima huko Texas. Kwa miaka arobaini alimpigia kura Mrepublikan au Mdemokrat, yeyote aliyemchefua kidogo kuliko mwenzake. Daktari alipomwambia moyo wake umechoka, alimwomba Mungu jambo moja: apige kura moja asiyoionea haya.

Chama kidogo cha tatu kilikuwa kinatafuta saini ili kiwekwe kwenye karatasi ya kura. Alvin akachukua fomu, akasimama nje ya duka la chakula cha mifugo.

"Shemeji, unawapa Wademokrat ushindi," alisema Verlon, kaka wa mkewe.

"Binti yangu kasema nawapa nyinyi Warepublikan. Kura yangu moja mnaigawana vipi?"

Verlon akacheka. "Lete kalamu basi, nisaini nikale kwa amani."

Wengi walisaini kwa ajili ya Alvin tu, maana hakuna aliyeishiwa maji naye akakataa kuja, hata Jumapili.

Mwezi Mei mama mmoja wa chama, Nadine, alikuja kuzichukua fomu.

"Hawa walipiga kura ya mchujo ya vyama vikubwa mwezi Machi?"

"Karibu wote. Hapa sherifu, mkuu wa polisi wetu, anapatikana kwenye mchujo wa Warepublikan. Novemba hana mpinzani."

Nadine akaiweka fomu mezani taratibu. "Mzee Alvin, aliyepiga kura ya mchujo haruhusiwi kutusainia mwaka huohuo. Imeandikwa hapa juu."

"Nilisoma. Nikadhani ni kwa watu wa chama. Sisi tulichagua sherifu tu."

"Ndiyo hivyo hivyo, mzee."

"Na saini yangu?"

"Na yako."

Nadine alizikata saini moja moja kwa kalamu, Alvin akitazama. Likabaki jina la mjane aliyehamia mwezi Aprili, baada ya mchujo.

Kwingine nako saini hazikutosha, chama kikakosa nafasi kwenye karatasi. Novemba Alvin alisimama mbele ya majina mawili ya urais mpaka msimamizi akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mama. Nilitaka kuacha wazi, lakini naona hata hiyo watasema nimempa mmoja wao."

Akachagua. Jioni mkewe, Lorene, alimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, akimwomba Bwana amsamehe kura aliyoipiga. Hakutaja ni ya nani, na Lorene hakuuliza. Alvin alifariki wiki mbili kabla ya Krismasi.