Tairi Lililogeuzwa Mara Mbili

Wivu hauna adabu. Ulimkuta Gervasi dukani kwake, kisu mkononi, anawakatia wateja soseji, ukamwingia hapo hapo. Dirishani alimwona mkewe, Remei, akivuka uwanja wa kanisa na mkoba mwekundu mgongoni. Mkoba ulikuwa wa Ponç mfamasia.

Huko Sant Mamet, milima ya Katalunya, pikipiki haziendi mbio. Zinapanda mawe, na mwamuzi anahesabu mguu umegusa chini mara ngapi. Mwenye pointi chache ndiye bingwa. Nyuma ya kila mpandaji kuna mbeba mkoba. Huyo anabeba spana na maji, anatangulia kupima mwamba kwa kiatu, na pikipiki ikiteleza anaidaka kabla haijamwangukia mwenyewe. Miaka kumi na moja Remei alimbebea Gervasi, na miaka minane ya mwisho Gervasi alishinda mashindano ya kijiji kwa watu wa umri wake. Halafu mwezi wa pili, mbele ya meza nzima ya wageni, divai imeshampanda, Gervasi akaropoka kwamba kubeba mkoba hata punda anaweza. Watu walicheka. Remei aliendelea kupaka nyanya kwenye mkate. Mwezi wa nne Ponç alipokwenda kumwomba, tena kwa kumwita "bibi Remei" na kofia mkononi, alikubali palepale.

Ponç alikuwa mgeni, mtu wa mjini, mwenye viatu visivyojua matope. Kila shindano alifunga tairi jipya la nyuma. Jipya kabisa! Gervasi alikuwa akiliona linang'aa likipita mbele ya duka.

"Tajiri anabadilisha tairi kama soksi," aliwaambia wateja. "Mimi langu nalijua. Halijafa hilo."

Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, alilitazama. Kashata za tairi, vile vipande vya mpira vinavyong'ata mwamba, zilikuwa zimelika upande wa mbele, zimekuwa mviringo. Kila mtu wa kazi hii anajua dawa yake: unalitoa tairi kwenye ringi, unaligeuza, upande wa nyuma unakuwa wa mbele, unapata makali mengine. Ukishayamaliza na hayo, nunua jipya, hakuna ujanja.

Basi alikaa uani akaligeuza. Kawaida ungepitisha ukucha kwenye kila kashata: ukinasa, tairi lina uhai, ukiteleza, lizike. Ila ng'ambo ya ukuta, uani kwa Ponç, alisikia Remei akicheka. Ponç alikuwa amesema kitu, naye akacheka, kicheko kile cha kuegemea ukuta. Mungu wangu, mwanamke huyu alicheka hivyo lini mara ya mwisho nyumbani kwake? Gervasi alijaza upepo kidogo, kama inavyotakiwa, huku masikio yote yako kwa jirani. Ukucha hakuupitisha.

Kesho yake mwamba ulikuwa na umande. Gervasi alipanda peke yake, bila mbeba mkoba, kwa kiburi. Moyoni alikuwa na hesabu yake: nikishinda bila yeye, ataona, atarudi. Kusema "rudi" hakuweza. 

Asubuhi yote macho yake yalikuwa kwa wale wawili. Alimwona Remei akisugua tope kwenye tairi la Ponç kwa kiganja. Alimwona akimegea Ponç mkate wake mwenyewe. "Na mdomo mfute kabisa!" Gervasi alifoka, na mwamuzi akageuka kumshangaa.

Gervasi na Ponç walifika kipande cha mwisho, jiwe refu lililolala kando ya kijito, wakiwa na pointi sawa. Gervasi alitangulia. Alifungua mafuta, gurudumu la mbele likapanda vizuri. La nyuma likazunguka. Likazunguka tu, kama limepakwa mafuta ya nguruwe, na pikipiki ikarudi kinyumenyume. Hakukuwa na mtu wa kuidaka. Gervasi akakaa majini puu! pikipiki pembeni, na mwamuzi akainua vidole vitano, adhabu yote.

Aliyemfikia wa kwanza ni Remei. Hakumuuliza habari. Aliinama kwenye tairi, akapitisha ukucha kashata hii, na hii, na hii.

"Umeligeuza," alisema.

"Jana. Si lilikuwa limelika?"

"Nililigeuza mimi, mwezi wa kwanza. Umelirudisha kwenye upande uliokufa mwaka jana. Hili ni la kutupa pande zote mbili, Gervasi."

"Wewe? Lini? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nageuza kila mwaka. Nani alikuwa ananunua jipya likifika siku yake? Ulidhani linaota?"

 Miaka minane ya ubingwa ilimpita Gervasi kichwani, na katika yote hakukumbuka kushika tairi hata siku moja. Maji yalikuwa baridi, lakini uso ulimwaka moto.

"Jumapili ijayo kuna mashindano bondeni," alisema taratibu.

"Nina Ponç. Nimeshamwahidi."

"Na ile inayofuata?"

"Ile sijaombwa na mtu."

Juu ya ukingo kijiji kizima kilikuwa kimejipanga: wateja wake, padri, mama mkwe na kiti chake cha kukunja. 

"Naomba unibebee," Gervasi alinong'ona.

"Sisikii, kijito kinapiga kelele."

"Naomba unibebee mkoba, Remei! Siwezi bila wewe!"

Watu wakapiga makofi na miluzi. Mama mkwe alicheka mpaka kiti kikayumba. Remei akafuta mkono wenye tope kwenye suruali.

"Nitafikiri," alisema.

Zamu sasa ilikuwa ya Ponç, naye alikuwa ameshawasha pikipiki, anamsubiri. Remei akakaza mikanda ya mkoba mwekundu, akapanda mwamba mbio kwenda kumpimia njia, na Gervasi akabaki majini anamwangalia.