Zabibu za Mzee Abílio

Juzi dukani niliona chupa ya mvinyo imeandikwa Vinhão, mdomo ukajaa mate. Nilipokuwa mtoto, mzabibu wa aina hiyo, wa kaskazini mwa Ureno, ulitambaa uani kwa Mzee Abílio, jirani yetu mtaani Riverdale Park, ukinuka majani mabichi. Alasiri moja alinipa kichala. Zabibu zilikuwa chachu ajabu, na nyekundu mpaka nyama, si ganda tu kama zabibu nyingi nyeusi.

"Kwetu mvinyo wake tunaunywa kwa bakuli," alisema. "Unatia madoa kila kitu."

Mama alipotoka kazini alinikuta meno yamekuwa zambarau. "Ngai! Nani amekupa pombe?"

Nilimwamini. Sikujua bado kwamba juisi huchachuka kwanza ndipo iwe pombe. Nilikaa nikisubiri kizunguzungu, hakikuja.

"Jumapili utasimama kanisani utubu."

"Nitubu kula tunda, Mum? Na juisi ya ushirika mnaitoa wapi?"

"Usinijibu!"

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa zima. "Nilikula zabibu za jirani," nilisema. "Alinipa mwenyewe. Akinipa tena, nitakula."

Mchungaji alisubiri niombe msamaha. Nikarudi kukaa bila kuambiwa.