Usinga wa Mtamba Wetu

Kwenye saluni ninakosukia nywele hapa mjini Singida, mtu mwenye nywele laini zilizonyooka husifiwa kuwa ana nywele za singa. Nikisikia hivyo hucheka peke yangu, maana kwetu Mwankoko singa ziko mkiani mwa ng'ombe. Nadhani neno lilianzia huko, kisha watu wakaliazima kwa ajili ya vichwa vyao. Singa zikikatwa na kufungwa kwenye kijiti zinakuwa usinga. Wa mama yangu huning'inia mlangoni mwa jikoni, wa kufukuzia inzi.

Mwaka jana mtamba wake alipotea. Ndiye ng'ombe pekee aliyebaki, tena ana mimba ya kwanza, na mama alishaanza kuyaota maziwa. Tukasikia kuna ng'ombe mgeni ameingia kwenye kundi la mzee mmoja kule Ilongero. Bodaboda ilipofika, mama akachomoa usinga mlangoni akaufunga kwenye kanga.

"Mama, tunakwenda kutafuta ng'ombe au kucheza ngoma?"

"Nyamaza wewe, panda."

Mzee aliitikia shikamoo yangu kwa upole, ila hakuwa mtu wa kulegezwa kirahisi. Watu wengine walishakuja kumdai mtamba huyohuyo.

"Mama, ng'ombe wekundu ni wengi," alisema. "Wako ana alama gani?"

Mama akababaika. Hakumpiga chapa wala kumkata sikio. Niliogopa, kwa sababu nilijua tukirudi mikono mitupu hatapata mwingine.

Ndipo akafungua kanga. Mwanzoni mwa kiangazi alikuwa amempunguza mtamba singa za mkia, kama tunavyofanya singa zikijaa mbigili, na hizo ndizo alizofungia usinga wake. Mzee akaushika mkia wa mtamba, akaulaza usinga kando yake. Zote zilikuwa nyeusi, zenye mchirizi mweupe upande mmoja. Ncha za mkia zilikuwa bado butu pale mkasi ulipopita.

"Mchukue, mama. Ni wako."

Nilishusha pumzi. Mama alilia bila kujificha, kisha akanigeukia.

"Haya, cheza ngoma sasa."

Tulirudi kwa miguu, mimi nimeshika kamba, nimechoka na nina furaha tele. Mkia wa mtamba ulikuwa mfupi bado, haufiki mgongoni, kwa hiyo njia nzima mama alimfukuzia inzi kwa usinga ule.