Siku Baba Alipopumzishwa Urais

Sisi tuliocheza kombolela Kichangani kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watoto, tunajua Jumapili ilivyokuwa ikinukia. Nyumbani kwetu ilinukia pasi ya mkaa. Baba alinyoosha shati lake jeupe mwenyewe, juu ya blanketi lililokunjwa mezani, akipuliza majivu yasije yakaangukia kola. Wiki nzima alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mikono imejaa makovu ya cheche. Jumapili alifunga tai, akapanda baiskeli, akawa Rais.

Ndiyo, Rais. Baba alikuwa Mmormoni, na kwao kiongozi wa tawi la kanisa huitwa rais wa tawi. Hasomei kazi hiyo wala halipwi. Anaitwa, anaongoza miaka kadhaa huku akiendelea na shughuli zake. Nilikuwa darasa la nne alipoitwa, na sikuona fahari hata chembe. Mtaa wote Waislamu na Wakatoliki, halafu wewe ndiye binti wa Rais wa watu wachache wanaosali kwenye nyumba ya kupanga. Akitupita tunacheza rede, wenzangu walisimama wima wakampigia saluti. "Mheshimiwa, msafara uko wapi?" Baba aliwapungia mkono, akacheka nao. Mimi niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, wakati niko peku.

Desemba tulipanda milimani Matombo kwa Bibi, mama yake mama. Magimbi ya kuchemsha, mashelisheli ya kuchoma, na chai yenye mdalasini alioukwangua Bibi mwenyewe shambani. Sasa Wamormoni hawanywi chai, wala kahawa, wala pombe. Bibi alikuwa anamtazama Baba na birika mkononi. "Mkwe wangu, chai yangu ina sumu?" Naye Baba, kwa heshima zote: "Mama, naomba uji." Mwaka mmoja alikuja na wamisionari wawili, vijana wa tai kama yeye, ambao kanisani huitwa Mzee Fulani na Mzee Fulani. Bibi aliwakagua kidevuni. "Hawa hata ndevu hazijaota. Ni mimi niwape shikamoo?" Wajomba na mashangazi walicheka hadi machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Lakini aibu hizo zilikuwa za kitoto. Aibu yenyewe ilikuja na Mjomba Deo.

Mjomba Deo ni kaka yake mama, fundi mwashi, na aliingia kanisani kwa kumfuata Baba. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ni mtu mzito. Neno lake juu ya watoto wa dada yake linasikilizwa. Mjomba huyu pombe ilimshinda. Jioni nyingi mama alitoka barazani, akaangalia barabarani, akarudi ndani na kusema maneno mawili tu: "Deo hajapita." Baba aliacha ugali palepale, akachukua baiskeli, akaenda kilabu cha komoni, pombe ya kienyeji, kumtoa. Alimrudisha kwa njia ya mtoni, kwenye migomba, akiwa amempakia nyuma, ili watu wasimwone shemeji yake katika hali ile. Na kweli hawakumwona Mjomba. Walimwona Baba, akiingia na kutoka kilabuni.

Nikiwa kidato cha kwanza, Baba alipumzishwa. Kiongozi aliyetoka Dar es Salaam alisimama mbele, akasema Rais wetu amemaliza utumishi wake, na wanaotaka kumshukuru wainue mkono. Mikono yote ikapanda juu, hata wa mama. Mimi nikadhani wanampigia kura ya kumtoa. Baba alishuka, akaja kukaa nasi benchi la nyuma, akapewa kazi ya kufundisha darasa la watoto wadogo.

Jumatatu bombani habari ilikuwa imeshapikwa ikaiva. "Rais kapinduliwa. Komoni imemponza." Mama alisikia akiwa na ndoo kichwani. Mzee mmoja aliyeagiza geti akaghairi, akasema hawezi kumwachia mlevi moto uani kwake. Mama akaanza kulia.

"Baba Neema, mimi nakwenda kusema. Nakwenda palepale bombani niwaambie ulikuwa unamfuata nani."

"Ukisema, Deo hatarudi kanisani. Ameacha wiki hii tu."

"Na wewe je?"

"Mimi nina wewe, nina watoto, nina kazi. Yeye ana nini?"

Nikaingilia, na hapo kwetu mtoto haingilii wakubwa. "Baba, kwani umefukuzwa?"

"Nimepumzishwa, mwanangu. Kazi hii tunapokezana."

"Mbona bombani hawasemi hivyo?"

Aliomba maji ya kunywa. Mama hakwenda bombani kusema, na siri ile ikamkondesha, maana kumsafisha mume kulikuwa ni kumvua nguo ndugu yake wa tumbo moja.

Mjomba aliacha, akarudia, akaacha tena. Miaka ikapita. Jumapili moja ya kufunga, siku ambayo waumini husimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda, alisimama ameshikilia benchi. "Mtaani wanasema Rais alikuwa mlevi. Mlevi ni mimi. Shemeji hajawahi hata kuonja. Alikuwa ananibeba." Mama alijifunika uso kwa khanga. Na mimi nilitazama sakafu, kwa sababu katika miaka ile kuna siku nilikuwa nimeanza kuamini ya bombani.

Ushuhuda ule uliishia mle ndani. Mwezi uliopita, muuza mboga mmoja sokoni aliniangalia sana, akaniuliza, "Wewe si binti wa yule Rais mlevi?" Uso ulinichoma kama zamani. Nilikwenda kumwomba Mjomba ruhusa ya kuandika haya. "Andika," akasema. "Na jina langu weka. Nimechelewa sana."

Mwanangu akitukanwa asubuhi kwenye kundi la simu, kabla ya adhuhuri ameshajirekodi sauti, ameshajipiga video akilia, na marafiki wameshagawanyika pande mbili. Namcheka, lakini sina haki, maana nami nachapa majibu haraka kuliko yeye. Enzi zile Baba alisingiziwa, na kesho yake akatoka na mashine yake ya kuchomelea, akasimama pale bombani, akawasalimia walewale waliomsingizia, na kuwaulizia watoto wao kwa majina. Nilimwona kutoka mlangoni, asubuhi baada ya asubuhi. Sasa mimi ni mtu mzima, nina watoto wangu, na sijaliweza hilo hata mara moja.